Kupoza prosesa kwenye joto la Dar: hela ianzie wapi

Kuanzia Januari hadi Machi, hewa ya mchana Dar es Salaam hucheza kwenye nyuzi 31 hadi 33 kivulini. Chumba cha bati kisicho na dari, au duka la steshenari lenye mashine ya fotokopi na wateja wanne waliobanana, hupita hapo bila shida. Huo ndio msimu wa kompyuta za mezani kunguruma, video kukwama kwenye kuhaririwa, gemu kushuka kasi, na mashine nyingine kujizima katikati ya kazi. Ni msimu mzuri pia kwa muuza vifaa: mteja anayeingia dukani ameshachoka, anataka kitu kikubwa chenye taa, alipe yaishe.

Tumelinganisha njia zote zinazopatikana, kuanzia zile za bure hadi kiyoyozi. Tulichokiona ni kwamba anayeanza na za bei ya chini humaliza tatizo kabla ya kufika kwenye za bei ghali, na anayeanza na ghali mara nyingi hulipa kisha akarudi kusafisha vumbi ambalo lilikuwepo tangu mwanzo.

Bei za vifaa tulizoziweka ni za masoko ya nje kwa dola, na dola moja tumeihesabu kwa shilingi 2,600. Ukinunua Kariakoo au Posta, ongeza usafiri, kodi na faida ya mwenye duka. Umeme tumeuweka shilingi 357 kwa uniti, yaani ile LUKU ya elfu moja inayokupa uniti 2.8.

Joto la chumba kwenye hesabu

Kipoza cha prosesa, kiwe cha feni au cha maji, hakitengenezi baridi. Kinachukua joto kutoka kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo prosesa siku zote itakuwa na joto kuliko chumba, na kila nyuzi moja inayopanda chumbani inapanda karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Kipoza kinachoiacha prosesa nyuzi 45 juu ya hewa kitasoma 67 kwenye ofisi yenye nyuzi 22, na kitasoma 79 kwenye chumba cha Mbagala chenye nyuzi 34. Majaribio mengi unayoyaona mtandaoni yamefanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Ukiyasoma, jiongezee 10 hivi kabla hujaamini.

Sasa swali la pili: 79 ni mbaya? Hapana. Intel imeweka kikomo cha nyuzi 100 kwenye prosesa zake nyingi za Core za miaka ya karibuni. AMD imeweka 90 kwa Ryzen 5 5600 na 95 kwa Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000. Prosesa ikikaribia kikomo hupunguza kasi yenyewe ili ijiokoe, na kujizima ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo ukiona 75 hadi 85 wakati wa kazi nzito, saa nane mchana ya Februari, mashine yako ni nzima na pochi ibaki mfukoni.

Dalili za ugonjwa ni nyingine: nyuzi 90 ukiwa unaandika barua tu, nyuzi 65 mashine ikiwa haifanyi kitu, au kasi inayoshuka kila baada ya dakika kumi za kazi. Pakua HWiNFO au Core Temp, zote ni bure. Fanya kazi yako ya kawaida kwa nusu saa mchana wa jua kali, si usiku, halafu andika namba mbili: ya prosesa na ya chumba. Bila namba hizo huna cha kulinganisha, na fundi atakuuzia anachotaka.

Ngazi ya kwanza: shilingi sifuri

Toa keisi ndani ya kabati la meza. Meza nyingi za ofisi zina kijumba cha kuwekea kompyuta chenye mlango, na humo ndani mashine huvuta tena hewa ileile moto iliyoitoa yenyewe. Iache nafasi ya kiganja nyuma na pembeni, iinue juu ya zulia, na isikae kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana.

Halafu punguza umeme unaoingia kwenye prosesa. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna mstari wa kiwango cha juu cha prosesa. Ukitoa 100 ukaweka 99, prosesa nyingi, hasa za Intel, huacha kujiongezea kasi ya ziada na joto hushuka papo hapo. Kwa Word, Excel, mtandao na kuchapa vyeti hutaona tofauti ya kazi. Anayehariri video ataiona, kwa hiyo kwake ni bora kuingia BIOS na kuweka kikomo cha wati. AMD wamemrahisishia mtumiaji kwa kipengele cha Eco Mode. Wati za mwisho ndizo zinazotoa joto jingi kwa kasi kidogo, na ndizo za kwanza kukatwa.

Pangaboi je? Binadamu hupata nafuu chini ya pangaboi kwa sababu anatoka jasho na upepo unalikausha. Kompyuta haitoki jasho. Pangaboi haishushi joto la hewa ya chumba, ila inasaidia kuondoa hewa moto iliyojikusanya kwenye kona ya mashine. Kwa wati 70, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kama shilingi 5,200. Iwashe kwa ajili yako, na mashine itanufaika kidogo.

Ngazi ya pili: vumbi na pesti

Fungua ubavu wa mashine iliyokaa miaka mitatu kwenye duka la barabara ya vumbi, halafu ondoa feni ya juu ya prosesa. Chini yake, kati ya feni na mapezi ya alumini, utakuta vumbi limeshikana hadi unaweza kulibandua kipande kizima kwa kucha. Feni inazunguka kwa nguvu zote na hewa haipiti. Hakuna kipoza cha dola 100 kitakachoshinda hilo.

Kusafisha kunahitaji brashi laini ya rangi na kipulizio cha umeme. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi kubwa huharibu beringi. Usiipeleke mashine kwa fundi wa matairi: tanki la kompresa hukusanya maji, na kwenye unyevu wa Pwani maji hayo hutoka pamoja na upepo. Mdomo nao hutoa mate. Karibu na barabara ya vumbi safisha kila baada ya miezi mitatu, na kwenye nyumba yenye vigae mara mbili kwa mwaka inatosha. Wakazi wa Tanga, Bagamoyo na Zanzibar walio karibu na maji waangalie pia chumvi, ambayo huacha unga mweupe kwenye alumini. Kwao kipoza chenye mabomba yaliyopakwa nikeli kinadumu zaidi.

Kisha pesti, ile grisi ya kijivu kati ya prosesa na kipoza. Kazi yake ni kujaza vijishimo visivyoonekana kwa macho ili hewa isibaki katikati. Ikikauka inakuwa kama chaki na joto linakwama. Mrija wa gramu 4 wa Arctic MX-4 ni dola 6 hadi 8, yaani kama shilingi 16,000 hadi 21,000, na unatosha mashine kadhaa. Pesti za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa bomba la sindano zisizo na jina zinafanya kazi mwanzoni, ila nyingi hukauka mapema. Kwa tofauti ya shilingi elfu chache, nunua yenye jina. Tone la ukubwa wa punje ya mbaazi linatosha, na kujaza kama siagi kwenye mkate hakuongezi baridi.

Hapo kwenye kufunga ndipo mafundi wengi wa haraka huharibu. Kipoza cha Intel kinachokuja kwenye boksi hushikwa na pini nne za plastiki. Pini moja ikiwa haijalia "tak", kipoza huinuka upande mmoja kwa kiasi usichokiona, na prosesa inapanda nyuzi 20 bila sababu inayoeleweka. Bonyeza kwa pembe zinazotazamana, kisha geuza madabodi uhakikishe pini zote nne zimetokeza kwa nyuma. Kwa AMD ya soketi ya AM4 hatari iko kwenye kutoa: pesti iliyokauka hugandisha, na ukivuta juu kwa nguvu prosesa inatoka na kipoza huku pini zake zikipinda. Washa mashine ipate joto kwa dakika chache, zima, chomoa umeme, halafu zungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Ngazi ya tatu: feni za keisi

Kuna jaribio moja la bure la kujua kama unahitaji feni. Pima joto la prosesa ukiwa umefunga ubavu wa keisi, kisha fungua upime tena kwa kazi ileile. Likishuka nyuzi 5 au zaidi, keisi haipumui, na hela yako iende kwenye feni, si kwenye kipoza. Lisiposhuka, feni za ziada hazitabadilisha kitu. Usiiache wazi moja kwa moja, maana vumbi, mijusi na mende wataingia.

Feni ya milimita 120 yenye jina, kwa mfano Arctic P12, ni dola 7 hadi 10, yaani shilingi 18,000 hadi 26,000. Mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha karibu kila mtu. Epuka keisi zenye kioo kizima mbele: zinapendeza dukani, ila feni zilizo nyuma ya kioo hazina pa kuvuta hewa. Keisi ya uso wa wavu ndiyo ya hali ya hewa yetu.

Wenye mashine za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzao, wawe waangalifu. Nyingi zina plagi za feni na mashimo ya kipoza ya kampuni yenyewe. Ukibadilisha feni kwa ya kawaida, mashine inaweza kusimama kwenye ujumbe wa feni mbovu kila unapoiwasha. Kwa hizo ishia kwenye ngazi ya pili: safisha, badilisha pesti, na tafuta feni ya modeli hiyohiyo.

Ngazi ya nne: mnara au maji

Kipoza cha boksi kinatosha kwa prosesa za wati 65 zikiwa safi. Kikishindwa, chaguo linalofuata ni mnara: mapezi yaliyosimama wima, mabomba ya shaba yanayopitisha joto, na feni moja au mbili.

*Mnara mdogo*, kama Thermalright Assassin X 120 SE: dola 17 hadi 22, shilingi 44,000 hadi 57,000. Unafaa prosesa ya wati 65 hadi 100 na zaidi kidogo.

*Mnara wa feni mbili*, kama Thermalright Peerless Assassin 120 SE: dola 35 hadi 40, shilingi 91,000 hadi 104,000. Huu ndio tunaoupendekeza kwa wengi. Unapoza karibu sawa na mnara wa bei mara tatu yake.

*Mnara wa hadhi*, Noctua NH-D15: kama dola 110, shilingi 286,000. Unalipia ukimya, ubora na dhamana ya miaka 6. Urefu wake ni milimita 165, na keisi nyingi za bei ya kati hazifungi.

*Kipoza cha maji cha milimita 240 au 360*: dola 60 hadi 150, shilingi 156,000 hadi 390,000.

Maji yana heshima yake. Yanatoa joto moja kwa moja hadi ukingoni mwa keisi, na kwa prosesa inayokula zaidi ya wati 200 hakuna mnara unaostarehe. Lakini kwa prosesa ya kawaida faida yake juu ya mnara wa feni mbili huwa nyuzi chache tu. Nayo pia hayawezi kushuka chini ya joto la chumba: chumba kikiwa na nyuzi 34, maji yanaanzia hapohapo.

Tofauti kubwa iko kwenye kufa. Mnara una kitu kimoja kinachozunguka, feni, na ikifa unanunua nyingine kwa elfu ishirini na kitu na kuifunga mwenyewe. Kipoza cha maji kina pampu, na kimiminika ndani yake hupungua polepole kupitia mipira kadiri miaka inavyokwenda. Kimefungwa kiwandani, na vingi havijazwi tena. Pampu ikifa unanunua kipya chote, na dhamana ya duka la nje haikusaidii kama kutuma mzigo tu kunakula bei ya kifaa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Soketi: Intel za LGA1150, 1151 na 1200 zina mashimo yaliyoachana milimita 75, na LGA1700 milimita 78, kwa hiyo kipoza cha mtumba cha zamani kinahitaji vishikio vipya. Urefu: pima keisi yako kwa rula kutoka kwenye madabodi hadi ubavuni. Na kama RAM zako ni ndefu, hakikisha feni haizikanyagi. Muuzaji akikuambia, "Bosi, hiki kinaingia mashine zote," mwambie akuonyeshe vishikio ndani ya boksi.

Ngazi ya tano: kiyoyozi

Ni kiyoyozi pekee kinachoshusha namba ambayo hesabu yote imesimama juu yake. Chumba kikitoka nyuzi 34 kwenda 26, prosesa, diski, pawa saplai na kadi ya picha zote hupungua kama nyuzi 8 kwa pamoja. Lakini angalia bili. Kiyoyozi cha BTU 9,000 cha inveta kikila wastani wa wati 700, saa 8 kwa siku 26, ni uniti 146 hivi, sawa na shilingi 52,000 kwa mwezi. Miezi miwili ya umeme huo ni bei ya mnara wa feni mbili, na bado hujalipia kiyoyozi chenyewe wala fundi wa kukifunga.

Kwa kompyuta moja, kununua kiyoyozi kwa ajili ya prosesa ni kutupa hela. Kama kipo tayari kwa ajili ya watu, weka 26 na inatosha.

Kwa chumba cha kompyuta za shule hesabu inageuka. Mashine 20 za wati 100 kila moja zinamwaga wati 2,000 za joto chumbani, ambazo ni karibu BTU 6,800 kwa saa. Wanafunzi 30 waliokaa wanaongeza kama wati 100 kila mmoja. Kiyoyozi kimoja cha BTU 9,000 kinazidiwa kabla jua halijapiga bati. Shule isiyo na bajeti ya viyoyozi viwili au vitatu ianze na dari, madirisha yanayotazamana, na feni kubwa ya kutoa hewa nje.

Vya kuacha dukani

Vibao vya umeme vya kupozea, vile vya Peltier vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, vinavutia kwa sababu upande mmoja unakuwa baridi kweli. Kile cha kawaida kinakula wati 60 hivi na hakiwezi kubeba joto la prosesa ya wati 65, huku chenyewe kikiongeza joto lake upande wa pili. Mbaya zaidi, hewa ya Dar wakati wa masika hugeuka maji kwenye chochote chenye nyuzi 23 au 24, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji hayo yatadondoka kwenye madabodi.

Vile vipoza-hewa vya kujaza maji vinaongeza unyevu kwenye hewa ambayo tayari imeshiba. Dodoma kwenye ukavu wa Septemba vinapunguza joto la chumba, ila Pwani havina faida.

Nani anunue nini

Joto la bei rahisi kuliko yote kuliondoa ni lile ambalo halikuzalishwa. Kama bado hujanunua kompyuta, hapo ndipo pa kuokoa. Ryzen 5 7600 na 7600X zote zina kora sita na kasi zake zinakaribiana sana. Ya kwanza imewekewa kikomo cha wati 88 na inakuja na kipoza chake, ya pili inafika wati 142 na kipoza unanunua mwenyewe. Upande wa Intel, Core i5-12400 ya boksi hufika wati 117 na ina kipoza, wakati Core i9-14900K hufika wati 253 na haina. Kwa anayefanya kazi nzito saa 4 kwa siku, pengo la wati 136 kati ya hizo mbili ni uniti 14 kwa mwezi, kama shilingi 5,000, kabla hujahesabu kiyoyozi cha kuondoa joto lake.

Mwenye steshenari au mashine ya mtumba: usafi, pesti mpya, na ile 99 ya Windows. Gharama ni chini ya shilingi 30,000 ukiacha ujira wa fundi. Usipite hapo.

Mwanafunzi au mchezaji gemu mwenye prosesa ya wati 65: keisi ya wavu, feni tatu, na mnara mdogo kama kelele zinamkera.

Mhariri wa video au mchora ramani za majengo: mnara wa feni mbili na kikomo cha wati kwenye BIOS. Ongeza kiyoyozi kama anakaa humo siku nzima.

Mwenye prosesa ya wati 250: maji ya milimita 360 na chumba chenye kiyoyozi. Kama hawezi vyote viwili, auze prosesa hiyo anunue ya wati 65, na chenji inayobaki itamlipia LUKU kwa muda mrefu.

Wasomaji wa Mbeya, Njombe na Arusha wapunguze ngazi moja kwenye ushauri huu wote. Hewa yao inawafanyia bure kazi ambayo Dar wanailipia.